Nimelipa na sijapewa hata tembe moja

Wiki jana mama mmoja alinipigia simu akidai arudishiwe pesa. Mwanawe alikuja kliniki yetu ya fiziotherapia (tiba ya misuli na viungo) hapa Ngong Road, Nairobi, na msuli wa nyuma ya paja umechanika, akakaa dakika 50, akalipa 2,500 kwa M-Pesa, akatoka mikono mitupu. "Kemisti wangempa diklofenaki ya shilingi mia!" Lawama hii nimeizoea.

Dakika hizo hatukuwa tunapiga soga. Nilimlaza kifudifudi akakunja goti, nikashika kisigino tukavutana, kwanza mguu mzima, halafu ule mbovu. Nikapapasa kuanzia chini ya makalio hadi akaruka: hapo ndipo. Kisha tukaanza kuukaza msuli bila kuusogeza, sekunde 30, mara 5. Dawa yenyewe ndiyo hiyo, mama.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na brufeni huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uchungu na uvimbe. Lakini prostaglandini hizo hizo huziamsha seli zinazojenga msuli upya. Kwa panya, dawa hizi zimeonekana kuchelewesha kupona. Kwa binadamu watafiti bado wanavutana, kwa hiyo sitakutisha kwa tembe mbili. Ninachogombana nacho ni mtu kutosikia uchungu akadhani amepona.

Kuna winga mmoja wa mtaa wa Umoja, paja likimuuma, alidungwa sindano ya maumivu Jumamosi, Jumapili akaingia uwanjani anacheka. Dakika ya 20 akafukuzia mpira, kitu kikakatika pajani kama kamba ya kiatu. Jumanne akaletwa kwangu, damu imevilia hadi nyuma ya goti, rangi ya biringanya. Jeraha la wiki 3 likawa la miezi 4. Alinilipa mara 14. Angewahi, 5 zingetosha. Hesabu hiyo hakuna anayenipigia simu kuiuliza.

Sikatazi dawa. Kifundo kimevimba hulali? Meza siku mbili tatu, baada ya chakula, kwa kipimo cha mfamasia. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aanze kwa daktari. Muuza mitumba mmoja wa Gikomba alizimeza mwezi mzima kwa chai ya rangi, tumbo tupu, sababu ya mgongo. Alipofika kwangu alikuwa anapata choo cheusi kama lami, ishara ya damu kuvuja tumboni. Nilimkimbiza hospitali bila kumgusa mgongo, wala sikumtoza.

Pesa sirudishi, mama. Kijana aje Alhamisi saa nne, na safari hii avae kaptura; ile jinzi ilinipotezea dakika kumi.