Risala ya Wauguzi wa Mkoa wa Tanga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali na wa dini,
Waganga wafawidhi na walimu wa vyuo vya uuguzi,
Wauguzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa Tanga tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu. Risala za siku hii huwa na maombi mengi, kuanzia sare hadi nyumba za watumishi, na yote ni ya haki. Safari hii tumekubaliana tulete jambo moja tu, ili lisipotee katikati ya mengine: mafunzo ya ubingwa wa uuguzi wa moyo katika ngazi ya uzamili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wagonjwa wa moyo tunaowapokea si wazee peke yao. Tunao watu wazima ambao presha imewala kimyakimya kwa miaka mingi mpaka moyo umetanuka, miguu imevimba na usiku hawawezi kulala bila kuegemezwa mito mitatu. Tunao kina mama waliojifungua salama, kisha baada ya wiki chache wakaanza kuishiwa pumzi, na nyumbani wakaambiwa ni uchovu wa uzazi, kumbe misuli ya moyo imedhoofika. Tena tunao watoto wa shule ambao valvu zao za moyo, yaani vilango vinavyoongoza damu, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mtoto wa namna hii huhitaji sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Ni sindano inayouma sana, na mtoto anayetoka Pangani au Mkinga akikosa sindano mbili tatu, homa huweza kurudi na kuimaliza valvu iliyobaki.

Katika hali zote hizo, mtu anayekaa na mgonjwa saa 24 ni muuguzi. Daktari hupita raundi, hutoa maagizo, huenda kwa wengine wanaomsubiri, na hatumlaumu, kwa sababu wao nao ni wachache. Saa nane usiku mapigo yanapovurugika kwenye skrini, wa kwanza kuona ni muuguzi. Moyo ukiingia katika mtetemo usiosukuma damu, kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua na bila mashine ya kushtua moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Muuguzi aliyefundishwa huutambua mtetemo huo kwa kuutazama na huanza kazi papo hapo. Asiyefundishwa hukimbia kutafuta wa kumuuliza, naye si mzembe, hajafundishwa tu.

Jambo hili si geni katika historia ya taaluma yetu. Mwaka 1961 daktari Desmond Julian wa Edinburgh alipendekeza wagonjwa wenye mshtuko wa moyo wakusanywe katika wodi moja yenye vifaa vya kufuatilia mapigo na watumishi waliozoezwa kuchukua hatua. Mwaka uliofuata wodi za namna hiyo zilianza kufunguliwa Marekani. Huko Philadelphia, daktari Lawrence Meltzer pamoja na muuguzi Rose Pinneo waliijenga huduma yote juu ya muuguzi: asome umeme wa moyo mwenyewe, na ikibidi aushtue moyo bila kusubiri. Wakati ule wengi waliona kwamba hiyo ni kazi ya daktari. Kilichobadilisha mawazo yao ni vifo kupungua wodini. Mashine zile zile, zikisimamiwa na mtu asiyejua kuzisoma, zisingeleta matokeo hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunapenda ieleweke muuguzi bingwa wa moyo anajua nini zaidi ya muuguzi mwingine. Anasoma kipimo cha umeme wa moyo na kukifasiri, kwa maana mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anatakiwa apimwe na kipimo kisomwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Anarekebisha kasi ya dawa za matone kulingana na presha na mkojo. Anamhudumia mgonjwa aliyetoka kufunguliwa kifua. Jambo ambalo halionekani sana, lakini kwetu lina uzito mkubwa, ni kwamba anajua kuzungumza na mgonjwa kuhusu maisha yake ya nyumbani. Hapa pwani tunakula ng'onda na papa mkavu, na chumvi iliyomo inatosha kumrudisha wodini mgonjwa wa moyo aliyeruhusiwa jana. Aliyewekewa valvu ya chuma na kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, naye anahitaji kuelezwa kwamba mboga za majani kama mchicha huathiri nguvu ya dawa hiyo, kwa hiyo ale kwa kiasi kisichobadilika na apime damu yake kwa ratiba. Kumwambia mtu wa Tanga aache mboga si ushauri. Kumfundisha namna ya kula na kupona ni taaluma, na inasomewa.

Nchi yetu imepiga hatua. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwa ikitoa huduma kama taasisi inayojitegemea tangu mwaka 2015, na upasuaji uliokuwa ukiwapeleka Watanzania India sasa unafanyika Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Hata hivyo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam hurudi kwao Lushoto, Handeni au Kilindi, na akizidiwa huletwa kwetu, si kilomita zipatazo 350 kule alikopasuliwa.

Hapa tunaomba tuseme kwa uwazi. Mwenzetu mmoja alijilipia masomo ya uzamili kwa miaka miwili, akauza kiwanja, akaacha watoto kwa mama yake. Aliporudi katika kituo chake cha kazi alipangiwa chumba cha kufunga vidonda, na baadaye zamu za mzunguko kama mwajiriwa mpya. Vidonda vinahitaji wauguzi wazuri, lakini elimu ile haikuwa ya vidonda, na ujuzi wa kusoma mapigo usipotumika hufifia. Wenzake waliokuwa wakijiandaa kuomba chuo waliona, wakaahirisha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa halihitaji hata bajeti mpya: muuguzi anayerudi na ubingwa apangwe kwenye wodi au kliniki ya ubingwa wake, na asihamishwe kwa mzunguko wa kawaida. Tunaomba pia kila mwaka mkoa uwateue wauguzi wachache kwa vigezo vya wazi, wapewe ruhusa yenye mshahara na ada yao ichangiwe, na katika uteuzi huo hospitali za wilaya zisisahaulike. Kwa wale ambao hawataweza kuondoka miaka miwili, tunaomba utusaidie kupata nafasi za kujifunza kwa vitendo katika Taasisi ya Moyo kwa miezi michache, kisha warudi kuwafundisha wenzao kando ya kitanda.

Majina ya wauguzi walio tayari kwenda kusoma tumeyaambatanisha na nakala ya risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.