Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Huldah Momanyi-Hiltsley: Sheria ya Amara isiguswe usiku tukiwa kazini

Mheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza ninacho, cha kazini na cha benki, na ningeweza kukutumia barua pepe kama wengine. Lakini hiyo ungeisoma wewe na msaidizi wako tu. Hii nataka isomwe kwanza na wenzangu wa hapa Brooklyn Park wanaotoka zamu alfajiri, wale waliopiga vigelegele Novemba 2024 kwamba mzaliwa wa Kenya ameingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota, na tangu siku hiyo hawajakanyaga bungeni St. Paul hata mara moja. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka majira ya baridi yaliyopita nilipokwenda kuitetea Sheria ya Amara, ile inayokataza kemikali za PFAS kwenye bidhaa nyingi za nyumbani hapa Minnesota.

Chanzo ni kikaango. Nilikinunua mwaka wangu wa kwanza hapa, cheusi, chepesi, cha ile aina isiyoshika chakula, na kwa chapati kilinifaa sana. Baada ya miaka minne kikaanza kubanduka. Jumapili moja binti yangu akachomoa kwenye chapati yake kipande cheusi, chembamba kama gamba la samaki, akakiweka pembeni ya sahani, akaendelea kula na kunieleza habari za PFAS, zile kemikali zinazotumika ili chakula kisishike. Mwanafunzi wa sekondari ananipa somo juu ya chombo changu mwenyewe, na mdomo umejaa chapati yangu! Wenye viwanda husema gamba kama lile ukilimeza litatoka kama lilivyoingia. Pengine. Mimi nilichotaka kujua ni lilikotoka na litakakokwenda nikilitupa.

Lilikotoka si mbali. Kampuni ya 3M, ambayo makao yake makuu yako Maplewood, ng'ambo ya pili ya mji wetu, ilitengeneza kemikali za jamii hiyo kwa miongo mingi katika kiwanda chake cha Cottage Grove, na taka zake zikafukiwa katika mashimo ya Washington County. Zinaitwa kemikali za milele kwa sababu kaboni na florini zikishashikana hazitaki kuachana; jua, mvua na vijidudu vya udongo vinashindwa. Mwaka 2004 zikakutwa kwenye maji ya chini ya ardhi ya Oakdale na Lake Elmo. Baadaye ikajulikana kwamba eneo lililoguswa linapita maili za mraba 150. Jimbo likaishitaki kampuni mwaka 2010, na tarehe 20 Februari 2018, siku ambayo kesi ilikuwa ianze kusikilizwa, pande mbili zikapatana kwa dola milioni 850.

Kuna hesabu moja nyingine ambayo nimeibandika kwenye mlango wa friji. Mwaka 2023 idara ya jimbo inayosimamia uchafuzi wa mazingira ilieleza kwamba ratili moja ya kemikali hizi hununuliwa kwa dola 50 hadi 1,000, lakini kuitoa ratili hiyohiyo kwenye maji taka ya miji yetu na kuiteketeza ni dola milioni 2.7 hadi milioni 18. Nimeuza samaki Mombasa kabla ya kuja huku, Mheshimiwa, na sijaona biashara ambayo mmoja ananunua kwa elfu na mwingine, ambaye hata hakuwepo sokoni, analipishwa mamilioni. Huyo mwingine ni mimi na wewe, kwenye bili ya maji.

Ndiyo maana msichana aitwaye Amara Strande alikwenda bungeni. Alisoma shule ya sekondari ya Tartan huko Oakdale, na akiwa na miaka 15 akakutwa na saratani ya ini ya aina adimu. Mapema mwaka 2023 alikwenda mbele ya kamati zenu, mgonjwa, sauti imedhoofika, akaomba kemikali hizi zitolewe kwenye vitu vya nyumbani. Hakuna aliyethibitisha kwamba ndizo zilizompa saratani ile. Bunge halikungoja uthibitisho huo, na lilifanya vyema. Amara alifariki tarehe 14 Aprili, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 21. Mwezi uliofuata Gavana Tim Walz akaitia sahihi sheria yenye jina lake. Spika wakati huo alikuwa Melissa Hortman, jirani yetu wa hapahapa Brooklyn Park, aliyeuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe Juni 2025. Siku ile tulijifungia ndani, simu mkononi. Tangu hapo simwonei wivu mtu yeyote mwenye kazi kama yako, na sitaki barua hii isomeke kama ya mtu anayedhani mnakaa pale kunywa kahawa.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 bidhaa za aina 11 zilizotiwa PFAS kwa makusudi haziruhusiwi kuuzwa Minnesota: vyombo vya kupikia, mazulia, vipodozi, pedi, vitu vya watoto, uzi wa kusafishia meno, hata nta ya kupaka mbao za kutelezea kwenye theluji, na nyinginezo. Mwaka 2032 marufuku itaenea kwa karibu kila bidhaa, isipokuwa pale itakapoonekana kwamba hakuna mbadala kwa jambo la lazima. Watengenezaji wa vyombo vya kupikia walikimbilia mahakamani mwezi uleule wa Januari 2025, na Februari jaji akakataa kuisimamisha sheria. Njia nyingine ni bungeni. Miswada ya kusamehe bidhaa hii au kipuri kile imeshaanza kuletwa, mmoja baada ya mwingine, na mingine inaeleweka kabisa. Sipingi kila msamaha. Napinga namna ya kuuleta.

Nikueleze nilichokiona. Kamati moja, sitaitaja maana waliokuwemo hawakuwa na nia mbaya, ilikuwa isikilize mswada wa misamaha saa saba mchana. Tangazo nililiona jioni ya kuamkia siku hiyo, nikijiandaa kwenda zamu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee usiku. Nikawaomba kwa barua pepe waniandikishe, nikafanya zamu mpaka saa moja asubuhi, nikaoga, nikapanda mabasi mawili na treni, nikafika kwenye lile jengo la mwaka 1905 lenye farasi wanne wa dhahabu juu ya paa. Kikaango nilikiacha nyumbani. Niliona haya kubeba chombo cha jikoni mbele ya waheshimiwa.

Kikao kilichelewa kwa sababu wabunge walikuwa ukumbini wakipiga kura. Kilipoanza, aliitwa kwanza bwana mmoja wa suti ya kijivu, mshawishi wa kulipwa, anayewaita watumishi wa kamati kwa majina yao ya kwanza na wao wakimwita kwa lake. Alipewa dakika mbili kama kila mtu. Akasema maneno yake, akanyamaza kwa wakati. Kisha mjumbe mmoja akamuuliza swali. Akajibu. Mwingine akamuuliza. Akajibu, kwa mfano na kicheko kidogo. Nilitazama saa ya ukutani: alikaa pale mbele dakika 14. Hakuvunja kanuni yoyote, maana kujibu swali hakuhesabiwi kwenye dakika zako.

Mimi nilikuwa wa 11. Ilipofika zamu yangu mwenyekiti alisema muda umebana, waliobaki wana dakika moja moja. Jina langu lilisomwa kwa namna ambayo nilichelewa kujua ni langu. Nawe unajua malezi yetu: huwezi kuketi mbele ya watu wazima ukaanza tu kama redio. Salamu, shukrani, naitwa fulani, natoka mahali fulani, sekunde 30 zimekwisha. Nikasema sentensi nne. Ya tano, ile ya ratili moja na dola milioni 18, ilikatwa katikati. "Asante, anayefuata." Hakuna aliyeniuliza swali. Nikarudi kitini, nikachukua koti, nikawahi basi, maana saa tano usiku zamu ilikuwa inaningoja.

Sasa nije kwenye ninachoomba, na naanza na dogo kuliko yote. Mwananchi wa kawaida akimaliza dakika zake mbele ya kamati uliyomo, muulize swali. Lolote. "Kikaango chako kiliharibika baada ya muda gani?" linatosha. Kwa swali hilo moja utakuwa umempa ule muda ambao bwana wa suti anaupata kila siku bila kuuomba.

La pili ni zito. Sheria ya Amara yenyewe haikupita peke yake. Iliingia ndani ya ule mswada mkubwa wa mazingira na maliasili wa mwaka 2023, ambamo bajeti, samaki, misitu na kemikali vilifungwa katika kapu moja. Nilifurahi ilipopita, kwa hiyo nakiri kwamba siku ile kapu halikunikera. Lakini sheria hiyo inaweza kutolewa kwa mlango uleule ilioingilia. Mwezi wa Mei, kikao kinapokaribia kuisha, makapu hayo hujazwa usiku, kurasa mamia, na marekebisho ya mistari mitatu yanaweza kukaa katikati yake kama mchanga kwenye mchele. Katiba ya Minnesota, ibara ya nne, kifungu cha 17, inasema sheria isibebe jambo zaidi ya moja, na jambo hilo litajwe kwenye kichwa chake. Tumia maneno hayo. Anayetaka kusamehe bidhaa fulani alete mswada wake, wenye jina lake, usikilizwe mchana kweupe, na kura yako na ya kila mwenzako ihesabiwe. Ukiukuta msamaha umefichwa kapuni, simama ukumbini useme umeuona, hata kama kapu lenyewe lina pesa za mji wetu. Hilo najua litakugharimu.

La tatu: leteni kikao huku. Kamati za miradi ya ujenzi huzunguka jimbo kwa basi kutazama madaraja na mitambo ya maji taka, na hakuna anayeona ajabu. Basi kamati ya mazingira ije Brooklyn Park jioni moja, saa kumi na mbili, kwenye ukumbi wa shule, na wakalimani wawepo. Watakuja Walaiberia, watakuja Wahmong, na sisi tutakuja. Wengi wetu hatujui kwamba kutoa maoni mbele ya kamati hakuhitaji uraia. Na wengine wanajua, ila wanaogopa: kikao kinarushwa moja kwa moja, jina linabaki kwenye kumbukumbu, na siku hizi mtu mwenye karatasi zake zote kamili bado anatazama nyuma akifungua mlango. Watu hao watafutieni njia ya kupeleka maneno yao kupitia ofisi yako bila kuweka majina yao hadharani. Wao ndio wanaofua, wanaosugua mazulia na kupika katika nyumba za watu. Wanazishika bidhaa hizi kwa mikono kuliko mjumbe yeyote wa kamati.

Nimetoka Mombasa, na sikuweza kukaa kwenye kile chumba bila kuwakumbuka akina mama wa Owino Uhuru, mtaa wa hukohuko, waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu. Phyllis Omido na wenzake waliandamana, wakatishwa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 ndipo jaji akaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Miaka yote ile walikuwa wanatafuta mtu wa serikali wa kuwasikiliza kwa nusu saa. Hapa kiti cha kusikilizwa kipo, kimewekwa mbele ya kipaza sauti, kimepanguswa vumbi. Kimewekwa tu saa ambayo sisi tumelala.

Zamu yangu hubadilika kila mwezi, lakini Alhamisi sifanyi kazi. Nitakuja siku hiyo kwenye ofisi yako, na safari hii nakuja nacho. Nimekifunga kwa gazeti, kipo juu ya kabati, na binti yangu amekiandikia kibandiko ili asikitumie mgeni kwa bahati mbaya.

Wako,
Mpiga kura wa zamu ya usiku,
Brooklyn Park