Barua ya wazi kwa kaka aliyeniita Baroš mbele ya wajomba

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, na shemeji tangu arobaini ya mama ananijibu kwa alama za dole gumba tu. Basi naandika hapa, watoto wako watakuonyesha.

Hitima imekwisha, masinia hayajaondolewa, wewe ukashika daftari la michango ukaanza kusoma majina. La kwako la kwanza. Ulipofika mwisho ukalifunga, ukanitazama: "Huyu wetu ni Baroš. Anakimbia mechi nzima, ukitazama ubao jina lake halipo." Mjomba mkubwa akacheka mpaka akapaliwa na chai. Hivi pale jamvini nani mwingine alimjua Milan Baroš, yule mshambuliaji Mcheki aliyechezea Liverpool? Mjomba hata Pele anamsikia tu. Ulichukua utani wetu wa kibanda umiza, wa mimi na wewe, ukanivua nguo nao siku ya mama yetu.

Haya, tuongee mpira, maana huko ndiko ulikonipeleka.

Septemba 2003 Baroš alivunjika kifundo cha mguu uwanjani kwa Blackburn, ukaniambia huyo ameisha, tutafute mtu mwingine wa kushabikia. Kiangazi cha mwaka uliofuata, kule Ureno, hakuna aliyemfikia kwa mabao: 5, Kiatu cha Dhahabu cha Euro 2004. Aliwafunga Latvia. Aliwafunga Waholanzi siku ile Wacheki walipotoka nyuma 2-0 wakashinda 3-2. Wajerumani aliwafunga akitokea benchi, na Denmark akawapiga mawili ndani ya dakika mbili tatu. Nusu fainali nahodha wao Nedvěd akaumia goti, Dellas wa Ugiriki akawatoa kwa kichwa kwenye muda wa nyongeza, na wewe kaka ulilia. Usikatae. Nilikununulia kahawa na kashata njiani, tukarudi nyumbani kimya kimya.

Lakini hebu tuache siku alizofunga, kwa sababu wewe unaamini ubao. Mei 2005, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Chelsea wako Anfield kwa Liverpool. Dunia nzima inamkumbuka Luis García na mpira ule uliovuka au haukuvuka mstari. Nani aliuwahi mpira wa Gerrard kwanza? Baroš. Petr Čech, kipa wake wa timu ya taifa, akamkumba, mpira ukabaki kwa García, dakika ya 4 tu. Refa Ľuboš Micheľ alisema baadaye kwamba kama asingelikubali bao, angetoa penalti na kipa angekula nyekundu. Yaani vyovyote iwavyo, Chelsea walikuwa wameumizwa na mtu ambaye jina lake halipo ubaoni.

Istanbul, fainali, wiki tatu baadaye. AC Milan wanaongoza 3-0, Gerrard amerudisha moja, Šmicer anaachia lile shuti la mbali na Baroš yuko katikati ya njia. Akajikwepesha. Likampita Dida, 3-2. Kumpisha mwenzako nako ni kazi, tena ngumu kwa mshambuliaji. Dakika ya 85 akatolewa, akaingia Cissé, na mechi ilipoamuliwa kwa penalti Cissé akafunga yake. Haya, andika Cissé.

Kwenye daftari lako hakuna mstari wa nani alimgeuza mama usiku ili mgongo usichubuke. Hakuna pikipiki iliyouzwa ili asikose siku ya kusafishwa damu. Sikupitisha kwa mweka hazina, ndiyo maana. Ulitaka nimwambie mama angoje nikatiwe risiti?

Na wewe unajua kabisa ninachosema, kwa sababu Machi 2008 ulinipigia kutoka huko kwenu kwenye baridi, unacheka mpaka vocha ikakata. Portsmouth walikuwa wamewatoa Manchester United kwenye Kombe la FA, tena Old Trafford. Baroš, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Lyon, aliangushwa na Kuszczak, kipa akala nyekundu, beki Rio Ferdinand akavaa glavu, Muntari wa Portsmouth akapiga penalti akafunga. Portsmouth wakaenda kulibeba kombe. Uliniambia nini? "Baroš kawamaliza." Siku hiyo hukutafuta ubao.

Sisemi alikuwa malaika. Ufaransa walimkamata na Ferrari akienda kilomita 271 kwa saa. Na ile siku alipoziba pua mbele ya Stéphane Mbia, mchezaji mweusi wa Rennes, kamati ya ligi ikasema si ubaguzi ila ikamfungia mechi 3, mimi sikumtetea hata kidogo, wala leo simtetei.

Ulisema pia, wakati unavaa viatu, kwamba wote wawili tumeishia kurudi kwetu. Kweli, 2017 alirudi Baník Ostrava alikoanzia, akacheza mpaka 2020. Lakini alirudi akiwa ameshakuwa mfungaji bora wa Uturuki, mabao 20 na Galatasaray, msimu wa 2008/09. Hakurudi mikono mitupu. Mimi nami Dar haikunishinda. Kazi niliiacha mwenyewe, muulize yeyote pale ofisini, na mkataba ulikuwa bado una... haya, hayo si ya kusomwa na watu.

Kaka, nilikuwa nataka nikushauri upunguze kuhesabu, presha yako naijua. Umri huo si wa kukaa na kalkuleta. Dawa unameza?

Hati ya nyumba ipo kabatini kwa mama, sijaiuza kama shemeji anavyosikia. Kodi ya vyumba viwili vya uani ndiyo iliyolipia turubai na viti. Sasa bati la choo cha nje limeoza na masika yanakuja. Nikiezeka bila kukuuliza utasema nimejimilikisha, nisipoezeka wapangaji watahama. Nipe kauli yako, hata kwa dole gumba.