Bia nyeusi nyepesi, na nyingine zinazofaa tangi dogo kuliko IPA

Ukiingia baa ya Nairobi inayouza bia za viwanda vidogo, ubao hauwezi kukosa IPA mbili (bia chungu zenye harufu kali), laga moja na pengine bia ya ngano. Hatuna ugomvi na IPA. Tunauza hopsi, maua yanayotia bia uchungu na harufu, na IPA ndiyo inayozimaliza. Lakini wateja wetu wengi wana tangi za lita 100 hadi 500, maji ya kisima kirefu na chumba cha baridi kisichotosha, na katika hali hiyo hakuna bia ngumu kuitunza kama hiyo. Harufu yake ya maembe na machungwa hutoka kwenye hopsi zinazolowekwa ndani ya tangi, mara nyingi gramu 8 hadi 10 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 100 linakula karibu kilo nzima ya hopsi zilizoagizwa nje. Kegi ikikaa wiki mbili kwenye stoo ya baa yenye joto, oksijeni iliyopenya wakati wa kujaza inaimaliza harufu yote. Bia inapiga weusi kidogo na kuacha ladha ya karatasi iliyolowa. Mteja hataulaumu ule joto wa stoo. Atalaumu jina lililo kwenye glasi.

Kuna jambo jingine la mfukoni. Tangu mwisho wa mwaka 2024, ushuru wa bia nchini Kenya unahesabiwa kwa sentilita ya kilevi halisi, si kwa lita ya bia kama zamani. Lita moja ya bia ya asilimia 6.5 ina sentilita 6.5 za kilevi. Lita ya bia ya asilimia 3.4 ina 3.4. Ushuru unapungua karibu nusu kabla hujagusa bei ya kimea. Bia nyepesi, iliyokuwa ikionekana kama bia ya watu wasio na pesa, sasa ndiyo inayompa mwenye kiwanda nafasi ya kupumua.

Tungeanza na bia nyeusi nyepesi ya Kiingereza, maildi. Hadi katikati ya karne ya 20 ndiyo iliyokuwa bia ya kila siku ya wafanyakazi wa viwandani na migodini Uingereza, kisha ikasukumwa pembeni na bia chungu za rangi ya shaba na baadaye laga. Haikufa kwa sababu ya ubaya. Katika shindano la Champion Beer of Britain, taji lilikwenda kwa maildi mwaka 2000 (Moorhouse's Black Cat), 2007 (Hobsons Mild, yenye asilimia 3.2 tu) na 2009 (Rudgate Ruby Mild). Ladha yake ni ya mkate uliookwa vizuri, karameli na kakao kwa mbali, uchungu kidogo, na mtu anaweza kukaa nayo mezani jioni nzima.

Kwa lita 100 zinazoingia kwenye tangi la kuchachushia, weka kimea cheupe cha shayiri kilo 12.8, kimea cha karameli cha rangi ya wastani kilo 1.5, kimea cha Munich kilo 1 na kimea cha chokoleti gramu 600. Hesabu hii inachukulia kwamba mtambo wako unatoa asilimia 75 ya sukari iliyomo kwenye kimea. Ukitoa 65, ongeza kimea cheupe kilo 2.4. Loweka kwa nyuzi 68 kwa saa nzima, lita 2.7 za maji kwa kilo. Usishuke hadi 64 kama kwenye laga. Kwenye nyuzi 64 vimeng'enya vinakata sukari yote ndogo ndogo, hamira inaila yote, na kwa bia yenye kimea kichache hivi unabaki na kitu kinachofanana na chai ya rangi iliyopoa. Kwa nyuzi 68 haidromita, kifaa cha kupimia sukari iliyomo kwenye bia, itaanza 1.036 na kuishia 1.010 au 1.011, na hicho kilichobaki ndicho kinachojaza mdomo.

Kosa linaloharibu maildi nyingi hutokea wakati wa kusuuza machicha. Kwa kuwa kimea ni kichache, mpishi anaendelea kumwaga maji ya moto ili afikishe ujazo wa sufuria, na yanayotoka mwishoni ni maji matupu yenye pH ya juu (asidi kidogo) ambayo yanakamua tanini, yaani ukakasi, kutoka kwenye maganda. Bia inakwaruza ulimi kama chai iliyochemshwa kupita kiasi, na mpishi analaumu kimea cha chokoleti. Simamisha kusuuza maji yanayotoka yanapofika 1.010 kwenye haidromita, hata kama sufuria haijajaa, kisha ongeza maji safi moja kwa moja kwenye sufuria.

Hopsi ni gramu 180 tu za Fuggle au East Kent Goldings zenye asidi ya alfa (inayoleta uchungu) asilimia 5, zote mwanzoni mwa dakika 60 za kuchemsha. Utapata uchungu wa IBU 20 hivi, IBU ikiwa ndicho kipimo cha uchungu wa bia. Ukipika Mombasa, gramu 155 zinatosha: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94, na hopsi haziachii uchungu wake wote. Ndiyo maana mapishi ya kunakili kutoka vitabu vya Ulaya hutoka yamepooza hapa. Mwinuko huohuo unawasumbua wanaotumia kimea cha pilsner, kile cheupe sana cha laga, kwani harufu ya kabichi iliyochemshwa haitoki vizuri kwa mchemko wa nyuzi 94. Kwa kimea hicho chemsha dakika 90, bila mfuniko.

Hamira ya Kiingereza ya unga, gramu 60, nyuzi 18 hadi 20. Inamaliza kazi kwa siku nne au tano, na hapo ndipo watu wanapoharakisha. Hamira hii hutulia chini upesi sana. Ukiipoza mara tu povu linaposhuka, inalala kabla ya kusafisha bia, na harufu ya siagi inabaki. Mpe siku mbili zaidi kwenye joto lilelile, pima haidromita mara mbili kwa siku mbili mfululizo, ndipo upoze. Kufikia siku ya 12 bia iko bombani. IPA iliyotengenezwa siku hiyohiyo bado inasubiri hopsi zitulie.

Gesi iwe kidogo, ujazo mara 2 wa bia yenyewe, na glasi itoke kwenye nyuzi 8 hadi 10. Ukiifunga kwenye bomba la laga lenye baridi ya nyuzi 2 na gesi ya kuwasha, ladha ya kimea inafichika yote na mteja anakwambia umemwekea maji. Tumesikia malalamiko haya mara nyingi kuhusu bia ambayo haikuwa na kasoro yoyote zaidi ya kipimajoto cha friji.

Rangi nyeusi inasaidia pia upande wa maji. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana baikabonati nyingi, chumvi inayoua asidi. Kwa kimea cheupe kitupu, maji yenye zaidi ya miligramu 150 kwa lita yanaipandisha pH ya uji wa kimea hadi 5.8 na zaidi: sukari inatoka kidogo, uchungu wa hopsi unakuwa mkali wa kukwaruza. Kimea kilichokaangwa kina asidi yake yenyewe na kinaishusha hadi kati ya 5.3 na 5.5 bila kuongeza chochote. Anayepika IPA kwa maji hayohayo analazimika kununua asidi au mtambo wa kuchuja. Wenye maji ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini wana hali tofauti. Maji hayo ni mepesi, na maildi ya kwao huhitaji gramu 20 hivi za kloridi ya kalsiamu kwa lita 100.

Bia chachu za Ujerumani nazo zinaachwa bila sababu. Ulimi wa hapa unaujua uchachu tangu utotoni, kwa maziwa lala, uji wa wimbi uliochachushwa, mursik na busaa. Berliner Weisse ina kilevi cha asilimia 3 hivi na karibu haina uchungu. Kimea cha ngano kilo 7 na cha pilsner kilo 7 vinatosha lita 100 za 1.032. Chemsha maji matamu yaliyotoka kwenye kimea dakika 10 kuua vijidudu, poza hadi nyuzi 36, kisha shusha pH hadi 4.5 kwa asidi ya laktiki, tone kwa tone, mkono mmoja ukiwa na kipima pH. Hatua hii inarukwa sana na ndiyo muhimu: inawazuia bakteria wabaya wanaoleta harufu ya matapishi, na inalinda protini zinazobeba povu. Tia Lactobacillus, bakteria wanaoleta uchachu, jaza gesi ya kaboni dayoksaidi juu ya maji, funika, shikilia joto hilohilo. Ndani ya saa 24 hadi 48 pH itafika 3.3 au 3.4. Chemsha tena dakika 90 bila mfuniko, kwa sababu ya kimea cha pilsner na ili bakteria wafe wasihamie kwenye tangi na mabomba yako, na tia gramu 50 tu za hopsi.

Hopsi zisiguse sufuria kabla ya hapo. Hata kiasi kidogo hulemaza Lactobacillus wengi, na mtu husubiri siku tatu bila kuona pH ikishuka, kumbe hajaosha sufuria iliyopikia IPA jana. Hamira iongezwe hadi gramu 100, kwa sababu inaanza kazi ndani ya asidi. Wanaotaka kuongeza ukwaju au pasheni waweke baada ya uchachushaji mkuu kupita, na wasijaze chupa mpaka sukari ya tunda iishe. La sivyo chupa hupasuka.

Wenye baa karibu na majiko ya nyama choma waitazame Grodziskie ya Poland: kimea cha ngano kitupu kilichokaushwa kwa moshi wa mwaloni, asilimia 3 ya kilevi, gesi tele. Kiwanda cha mwisho mjini Grodzisk Wielkopolski kilifungwa mwaka 1993 na bia ikarudi kutengenezwa hapo mwaka 2015. Shida yake ni moja. Ngano haina maganda, kwa hiyo uji wa kimea unaganda kama ugali na maji hayapiti. Changanya makapi ya mpunga yaliyosuuzwa, asilimia 5 ya uzito wa kimea. Ya Mwea yanafaa na ni bei ya kutupa.

Kisha stauti ya tropiki, ile bia nyeusi nzito yenye utamu inayopendwa Jamaika na Sri Lanka. Hii si nyepesi, na ushuru wake utauona. Tunaitaja kwa ajili ya wasio na mtambo wa kupoza tangi. Hutumia hamira ya laga, lakini inachachuka kwenye nyuzi 18 hadi 20 badala ya 10, na harufu ya matunda inayotokea, ambayo ingekuwa kasoro kwenye laga ya dhahabu, hapa inakaa vizuri na kimea kilichokaangwa. Kwa lita 100: kimea kilo 25, humo ndani kilo 1.5 ziwe za shayiri iliyokaangwa na kilo 2.5 za karameli, pamoja na sukari guru kilo 2.5. Zima moto kabla ya kutia sukari guru na ukoroge mpaka iyeyuke yote, la sivyo itashika chini ya sufuria na bia itanuka moshi wa kuungua. Ikianza 1.062 na kuishia 1.014, una asilimia 6.3. Sukari guru ikizidi kilo 4 bia inakuwa kali na nyembamba, na mnywaji anahisi kilevi kabla ya ladha.

Kuuza ndiko kunakohitaji mdomo. Wengi wanaamini bia nyeusi ni kali. Ubaoni andika "nyeusi, nyepesi, 3.4%" kabla ya jina la mtindo, na mhudumu atoe glasi ya kuonja ya mililita 50. Anza na kegi mbili tu katika baa moja, pima zinaisha kwa siku ngapi, ndipo upike tangi zima.

Tunaosaga kimea na kufunga vipimo vya mapishi haya tunahitaji mambo matatu ili tukurekebishie hesabu: nusu lita ya maji yako kwenye chupa safi isiyowahi kubeba soda, ujazo halisi wa sufuria na tangi, na vipimo vya haidromita vya bia yako ya mwisho kupika, cha kuanzia na cha kumalizia. Maji yachukue baada ya kuyaacha yatiririke dakika tano. Yaliyolala kwenye bomba usiku kucha yatatupa majibu ya bomba. Kimea kilichosagwa kitumike ndani ya wiki mbili. Kama hujui utapika lini, chukua punje nzima urudi kusagiwa siku moja kabla.