Kwa nini tunatoza kukagua kempa ya 4WD, hata kama hukuinunua

Wiki iliyopita mteja aliondoka karakanani kwetu hapa Arusha amekasirika. Alilipa 200,000 tumkagulie kempa aliyotaka kununua, tukamwambia aiache. "Fundi," akasema, "hela yangu umechukua na gari sijapata." Si wa kwanza kusema hivyo, na kila nikisikia maneno hayo yananiuma, kwa sababu kazi ile tunaifanya watu wawili, kutwa nzima, tumelala chini ya gari. Naandika ili mjue hela yenu inakwenda wapi.

Gari ninazozungumzia ni zile zenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, na zinazovuta kwa tairi zote nne, yaani 4WD. Nyingine wageni wamezivusha Afrika nzima na safari ikiisha wanaziuza hukuhuku, nyingine ni Hiace zilizofungwa na mafundi wa kwetu difu ya mbele, yaani lile boksi la meno katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye tairi za pande mbili. Zilitoka kiwandani zikiwa na ekseli moja tu inayovuta: Sprinter ya kawaida inavuta nyuma, Ducato inavuta mbele. Ekseli ya pili ilifungwa baadaye na mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ukinunua, unanunua gari ya Mercedes au Fiat pamoja na mkono wa fundi usiyemjua. Mteja anafungua mlango, anaona kabati za mbao na friji, moyo unakwenda. Sisi tunaanzia chini.

Swali letu la kwanza ni nani aliyefunga. Wapo wanaojulikana: Iglhaut wa Ujerumani kwa Sprinter, Dangel wa Ufaransa kwa Ducato na Peugeot Boxer, Quigley wa Marekani kwa gari za Ford. Kazi zao ni nzuri, lakini shafti ya mbele ya gari hizo usitegemee kuikuta kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, wala Kirinyaga Road, Nairobi. Utaagiza, utalipia ndege na ushuru, na gari itasimama. Mimi naona afadhali Hiace iliyofungwa vizuri kwa ekseli na transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya Hilux, yenye orodha ya spea zilizotumika, hata kama imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule. Gari isiyo na karatasi yoyote, iwe ya Ulaya au ya hapa, tunaikagua kama mgonjwa asiyeweza kusema.

Hapo ndipo saa zinapokwenda. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, yaani propela, ile shafti ndefu inayoingia kwenye difu, izunguke mara zilezile kwa kila mzunguko wa ekseli, na kwa nje huwezi kuutambua. Tunaweka gia nyutro, transfa kwenye 2H (nguvu inakwenda nyuma tu), habu za mbele tunazifunga ili tairi za mbele zishikane na ekseli yao. Tunainua tairi moja la nyuma kwa jeki, lingine linabaki chini. Tunachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Mmoja anazungusha tairi mara 20, mwenzake chini anahesabu propela kwa sauti. Kwa kuwa tairi la pili limesimama, mizunguko 20 ya tairi ni 10 tu ya difu, kwa hiyo difu ya 4.10 itatoa mizunguko 41. Kisha tunahamia mbele. Ikitoka 43, mbele kuna 4.30, na kwetu gari hiyo imeshaanguka mtihani.

Msimu wa masika uliopita tuliletewa Hiace ya namna hiyo, imeburutwa kutoka Ndutu, kule Ngorongoro. Baba mmoja aliinunua kwa ajili ya kutembeza familia, akaona ada yetu ni ya bure. Kwenye tope la Ndutu gari ilikwenda vizuri sana, maana kwenye tope tairi zinateleza na tofauti ya difu inapotelea humo. Alipofika ardhi ngumu aliacha lever ilivyo, kwenye four wheel. Tairi zikakosa pa kuteleza, mbele inavuta kwa hesabu yake na nyuma kwa yake, na katikati transfa ndiyo inayokatwa. Tulipofungua bolti ya oili, chembe za chuma zilimwagika kama pilipili manga. Transfa, difu na kuburuta gari vilimtoka zaidi ya milioni 5. Aliyefunga alikosea kitu kimoja tu: alinunua difu iliyopatikana siku ile.

Njia ya mkato ninayoiona kila mara ni hii. Mteja anamchukua dereva wa shemeji yake, wanaikimbiza gari barabara ya Moshi, wanavuta lever, taa inawaka, wanasema four wheel nzima. Taa inakwambia lever imesogea, basi. Na ukikata kona kwenye lami kavu na transfa isiyo na difu ya katikati, tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, mzigo wote unaishia kwenye meno na krosi jointi, vile viungo vya propela. Yaani jaribio lenyewe linaumiza gari ambayo hujailipia.

Uwiano ukiwa sawa bado tunaangalia mengine. Aliyefunga akiinua bodi ya gari iwe juu zaidi, propela inalala kwa pembe kali na krosi zinakwisha mapema. Niliwahi kuikuta paipu ya breki ya mbele imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Shimo moja kubwa lingeikata, na ndani kuna watoto wamelala.

Halafu uzito. Kempa nyingi za Ulaya zimeundwa zisipite kilo 3,500 kwa sababu ya leseni za kwao. Ongeza ekseli ya pili, transfa, maji lita 100, betri na tairi kubwa, uone inabaki nafasi gani ya watu. Isitoshe, kuanzia uzito huo mizani ya barabarani inakuhusu.

Mnaniambia fundi wa mtaani anakagua kwa 30,000. Sibishani naye. Muulize tu kama alihesabu propela.

Ukija, gari iwe imepoa, haijawashwa tangu jana yake, tusikie inavyoamka. Muombe muuzaji karatasi za aliyefunga kabla hujatupigia. Matangi ya maji na mafuta yawe yamejaa, maana saa tisa tunaipeleka kupimwa uzito.