Kwa nini tunakuomba utoe pumzi yote ukiwa kwenye mashine ya CT

"Vuta pumzi ndani, shika. Haya, pumua." Kila aliyewahi kupigwa picha ya CT ya kifua, yaani eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, anaijua amri hiyo. Wanaoletwa kwetu kwa tatizo la njia za hewa hudhani wamemaliza, wanaanza kutafuta viatu, kumbe tunawaomba wasishuke. Meza inarudi ndani, na safari hii tunasema kinyume chake: "Toa pumzi. Toa, toa, toa mpaka iishe. Usivute."

Mama mmoja aliwahi kutuuliza, kwa upole kabisa, kama picha ya kwanza imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ila picha ya kwanza peke yake ingemficha daktari wake nusu ya habari, na swali lake ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Pafu likijaa hewa hutanuka, na likitanuka huzivuta kuta za njia za hewa kutoka kila upande, zikafunguka. Katika hali hiyo hata njia mbovu huweza kuonekana nzima. Ukitoa pumzi mambo hugeuka: njia zote husinyaa kidogo, na ile iliyovimba au yenye makohozi hujifunga mapema, hewa iliyo nyuma yake ikakosa pa kutokea. Mwenye pumu haambiwi hili na mtu. Anajua kwamba tabu yake kubwa ni kuitoa hewa, na ule mluzi wa kifuani husikika zaidi anapopumua nje.

Kwenye picha, hewa iliyonasa huonekana kwa macho. Mashine ya CT hupima uzito wa kila nukta kwa vizio vilivyopewa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyebuni mashine hiyo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack. Maji ni 0, hewa ni -1000, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo picha inavyozidi kuwa nyeusi. Pafu lenye afya likitolewa hewa vizuri hugeuka kijivu karibu kote. Pafu lenye njia zilizoziba hubaki na mabaka meusi katikati ya kijivu, kama nguo iliyotiwa viraka. Sehemu zilizo chini ya -856 baada ya kutoa pumzi huhesabiwa kuwa zimenasa hewa. Kwenye picha ya pumzi iliyovutwa, zilizo chini ya -950 huashiria kwamba nyama ya pafu yenyewe imeliwa. Programu za siku hizi huzilaza picha hizo mbili moja juu ya nyingine, nukta kwa nukta, ili daktari atenganishe mahali palipoharibika moja kwa moja na mahali ambapo kosa ni la njia ndogo za hewa.

Hizo njia ndogo ndizo zinazotufanya tuhangaike hivi. Bomba kuu la hewa lina upana unaokaribia sentimita 2. Linagawanyika matawi mawili, kila tawi linagawanyika tena, na hivyo hivyo kwa takriban vizazi 23 mpaka kwenye vifuko vya hewa. CT ya kawaida inayafuata matawi hayo vizuri, lakini yakifika upana wa milimita 2 au pungufu inayapoteza. Na huko ndiko maradhi mengi yanakoanzia! Mwaka 1968 watafiti Hogg, Macklem na Thurlbeck walionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoziba kwa muda mrefu, kizuizi kikubwa kimo kwenye njia zisizofika milimita 2, ambazo kwa mtu mzima wa afya huchangia kizuizi kidogo tu. Kwa kuwa hatuwezi kuziona zenyewe, tunaitazama hewa iliyokwama nyuma yake.

Matawi makubwa nayo yana habari zake. Kila tawi hutembea sambamba na mshipa wa damu, na kwa kawaida hulingana upana. Tawi likiwa pana kuliko mshipa wake, picha huonyesha kitu kama pete yenye kito kando, na daktari atajua limetanuka bila kurudi. Makohozi mazito yaliyoziba tawi huonekana kama vidole vyeupe ndani ya weusi.

Kuna pia kipimo cha MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ambapo mgonjwa huvuta gesi ya zenoni iliyoandaliwa kwa namna maalumu, na hewa yenyewe ikapigwa picha bila mionzi ya eksirei. Marekani iliidhinisha gesi hiyo kwa matumizi ya hospitali mwaka 2022. Sisi hatuna huduma hiyo.

Kuhusu mionzi tuseme wazi: picha ya pili inaongeza. CT ya kifua ya kawaida hutoa takriban milisivati 7, na ile ya kiwango cha chini kama 1.5. Mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa mwaka, kwa wastani wa dunia, ni kama 2.4. Ndiyo maana picha ya kutoa pumzi tunaipiga kwa kiwango cha chini, na hatuipigi kama daktari wako hakuiomba. Ukiwa mjamzito, au unahisi huenda ni mjamzito, tuambie kabla ya kupanda mezani. Na picha haiondoi kile kipimo cha kupuliza kwenye mrija. Kile husema pafu zima linatoa hewa kwa kasi gani, picha husema ni wapi panapokwama.

Sasa, kazi yako wewe. Picha ya pili inategemea pumzi yako kuliko mashine yetu, na tunajua kama umetoa vizuri kwa kutazama bomba kuu: ukuta wake wa nyuma hauna gegedu, hivyo pumzi ikiisha huingia ndani na bomba likawa na umbo la mwezi mwandamo. Bomba likibaki duara, hukutoa ya kutosha. Likibonyea mno, zaidi ya nusu ya nafasi yake, hilo nalo daktari atataka kulijua.

Jizoeze nyumbani siku moja kabla. Lala chali, mikono juu ya kichwa, vuta pumzi, kisha itoe polepole mpaka uhisi tumbo linaingia ndani, na ukae hivyo ukihesabu mpaka kumi. Rudia mara tatu au nne. Kama unatumia dawa ya kuvuta, muulize daktari wako kama uitumie asubuhi hiyo, na utuambie uliitumia saa ngapi, maana inabadilisha tunachokiona. Ukihisi kikohozi kinakuja, inua mkono kabla hatujaanza. Tutasubiri kipite.