Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: Wataalamu wa Viungo Wafike Mitaani

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Likoni, ninakomuuguza mama yangu mkubwa aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Dawa za presha anapata. Anachokosa ni mazoezi. Kliniki ya viungo iko ng'ambo, na kumfikisha huko kunataka tuktuk, feri, tuktuk tena, na watu wawili wa kumshika kwenye msongamano. Basi huenda mara mojamoja, na mkono unazidi kukaza.

Bajeti ya afya inapopangwa, mashine huvutia macho. Sizipingi, ila utafiti wenyewe unatutaka twende taratibu. Uingereza ilijaribu roboti za kufanyisha mkono mazoezi kwa wagonjwa 770 wa kiharusi. Matokeo yalipotoka 2019, waliotumia roboti hawakuwazidi waliopata huduma ya kawaida. Marekani nako, katika utafiti wa 2011 wenye wagonjwa 408, wengine walitembezwa juu ya mashine huku mikanda ikiwapunguzia uzito, na wengine wakafuatwa majumbani na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), akawafundisha mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wagonjwa wote walikuwa wanatembea vizuri zaidi, na mashine haikuonyesha ubora wowote juu ya mazoezi ya nyumbani.

Lakini wale wa nyumbani hawakuachiwa karatasi ya picha wajifanyie wenyewe. Walipangiwa vikao 36, kila kimoja dakika 90, mtaalamu yupo. Hapo ndipo penye siri yote. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, ila zilizobaki hai hujifunza kazi yake kwa kurudia tendo lenyewe: kushika kikombe, kuinuka kitini, kufunga kifungo, tena na tena. Kiungo kisichotumiwa hupoteza hata kile kidogo kilichosalia.

Na si kila mbinu ni ghali. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 222, wa miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, waliovishwa glavu nzito kwenye mkono wenye nguvu kwa wiki mbili ili watumie ule dhaifu. Mkono dhaifu ukaimarika. Ni mbinu ya wale ambao vidole bado vinacheza kidogo, na yahitaji msimamizi. Glavu hata fundi cherehani wa Kongowea ataishona. Msimamizi ndiye hatuna.

Mheshimiwa, ajiri wataalamu wa fiziotherapia katika zahanati za Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, na uwape usafiri wa kuzunguka majumbani. Vijana wetu wa bodaboda waliovunjika uti wa mgongo nao wanawasubiri. Mgonjwa asitoke wodini kabla ya kuandikiwa jina la mtaalamu wa mtaa wake na siku atakayofika.

Liweke hili katika bajeti ijayo, na utujibu hadharani: wataalamu wangapi, zahanati zipi, kuanzia lini.

Wako,
Mkazi wa Likoni